Jamaa alinunua injini, akasahau namba sita

NINA jamaa yangu mmoja tumekua naye Ilala. Tumecheza chandimu pamoja, tumefukuzwa na walinzi pamoja, tumeruka ukuta pamoja. Siku hizi anaishi Uingereza, pande za Kent, kusini mashariki mwa London. Jumamosi ananipigia simu kuuliza matokeo kabla hata mimi sijatoka uwanjani. Mpira bado umo kwenye damu. Lakini huko alikoenda amepata ugonjwa wa pili. Anaumwa Mini.

Usichanganye. Sizungumzii Mini hii mpya inayotengenezwa na BMW. Nazungumzia ile ya zamani, kijigari ambacho ukisimama pembeni yake paa linakufika kifuani. Kina urefu wa mita tatu na kidogo. Kilichorwa na Alec Issigonis, kikaingia sokoni Agosti 1959, na kiliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 2000. Ukikiona mara ya kwanza unacheka. Mimi nilicheka.

Halafu jamaa akanipa historia, nikanyamaza. Kijigari hiki kilishinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967. Mwaka 1966 Mini zilimaliza nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha waamuzi wakaziondoa zote kwa sababu ya taa za mbele. Taa! VAR haijazaliwa, watu wameshaanza kunyang'anywa mabao.

Sasa kwa nini naandika habari za gari kwenye ukurasa wa mpira? Kwa sababu yaliyompata jamaa yangu ndiyo yanayozipata timu zetu kila dirisha la usajili. Na kwa sababu siku moja nilikuwa kwenye siti ya abiria ya kile kijigari, na nilidhani sitarudi Dar nikiwa mzima.

Uingereza kuna kitu wanakiita treki dei. Uwanja wa mbio unafunguliwa kwa watu wa kawaida. Unalipa, unakuja na gari lako, unavaa helmeti, unasikiliza maelekezo asubuhi, kisha unaingia kuendesha kwa zamu. Siyo mashindano. Hakuna mshindi, hakuna kombe, na huruhusiwi kumpita mwenzako mpaka akupe nafasi. Ni kama mazoezi ya maveterani Jumapili asubuhi. Kila mtu anasema amekuja kutoa jasho tu, lakini moyoni kila mtu anacheza fainali.

Jamaa yangu alichagua Brands Hatch, kwa sababu uko Kent hukohuko. Huu si uwanja wa uchochoroni. Formula 1 ilikimbia pale, na mara ya mwisho ilikuwa 1986. Wenye Mini huwa wanatumia ile njia fupi ya takribani kilomita 1.9. Ukitoka kwenye mstari ulionyooka unakutana na kona ya Paddock Hill, ambayo inakugeuza kulia huku ardhi inazama chini yako. Unashuka bondeni, unapanda kilima, na juu ya kilima inakusubiri kona ya Druids, inayokukunja kama nywele ya pini. Kona mbili, breki mbili za nguvu, na hujamaliza hata nusu ya mzunguko.

Jamaa alikuwa amejiandaa. Gari lake ni la mwaka 1989. Alitoa injini ya cc 998 akaweka ya 1275. Akanunua kabureta kubwa. Akanunua siti za kishindani. Akaweka mistari miwili meupe juu ya boneti. Pesa ilitembea kweli kweli. Nikamuuliza, "Na breki je?" Akaniambia, "Nimeweka pedi mpya, usijali." Pedi zenyewe zilikuwa za bei ya chini kuliko zote kwenye duka la spea. Mafuta ya breki hakuyagusa. Hakukumbuka hata yalibadilishwa mwaka gani.

Mzunguko wa kwanza mpaka wa tatu tulikuwa tunaimba. Wa tano nikasikia harufu kama ya nywele zinazoungua. Wa sita jamaa akaacha kuimba. Wa saba nikaona mguu wake unakanyaga mara mbili badala ya mara moja. Wa nane, tunapanda kwenda Druids, akakanyaga breki na pedali ikashuka mpaka sakafuni kama mtu aliyekanyaga godoro. Hakuna kitu. Akashusha gia, injini ikapiga yowe, akazungusha usukani, na tukaingia kwenye kokoto kwa ubavu.

Hakuna aliyeumia. Kile kilima ndicho kilichotusaidia. Lakini nilipotoka kwenye gari magoti yangu yalikuwa hayaniamini.

Hapa ndipo uchambuzi unapoanza, na naomba shabiki mwenzangu unifuatilie, kwa sababu siku hiyo kila mtu alisema neno lake na karibu wote walikosea.

Breki hazisimamishi gari kwa uchawi. Zinageuza mwendo kuwa joto. Basi. Pedi mbili zinabana diski ya chuma, zinasuguana, mwendo unapungua, joto linapanda. Na joto hili halipandi kistaarabu. Ukiongeza mwendo mara mbili, joto la kulibeba linakuwa mara nne. Gari linalosimama kutoka kilomita 120 kwa saa linazalisha joto mara nne ya lile linalosimama kutoka 60.

Chukua Mini ya kilo 650, weka watu wawili wenye afya kama sisi na mafuta ya petroli, unapata kama kilo 800. Ipunguze kutoka kilomita 130 kwa saa hadi 60. Hata ukitoa sehemu inayobebwa na upepo na injini, umepata joto la kutosha kuchemsha lita moja ya maji kutoka baridi mpaka yatokote. Birika zima la chai, ndani ya sekunde chache, kwenye diski zenye upana wa inchi 8.4, yaani kama sentimita 21. Na kwa sababu gari likifunga breki uzito wote unakimbilia mbele, breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi. Dakika moja baadaye unachemsha birika lingine. Halafu lingine.

Mashabiki mliowahi kusafiri na timu kwenda Mbeya mnajua ninachosema. Mmeshashuka Kitonga. Mmeona malori yaliyoegeshwa pembeni yanatoa moshi kwenye matairi, na dereva wa basi lenu mzoefu anashuka kwa gia, hachezei breki. Yule dereva hajasoma fizikia, lakini anajua breki ina pumzi yake. Ikikatika imekatika.

Sasa, breki za treki zinakufa kwa njia mbili, na ukishindwa kuzitofautisha utanunua dawa ya malaria kumbe unaumwa jino.

Njia ya kwanza ni pedi kuzidiwa na joto. Hapa pedali inabaki ngumu chini ya mguu. Unakanyaga, unahisi upinzani, lakini gari halisimami. Pedi imeacha kung'ata. Ni beki ambaye yupo kwenye nafasi yake, hajapigwa chenga, ila pumzi imeisha na mshambuliaji anampita tu.

Njia ya pili ni mafuta ya breki kuchemka. Haya mafuta yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, polepole, mwaka hadi mwaka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji ya kutosha, kiwango hicho kinashuka hadi 155. DOT 5.1 yanaanzia 260, yakichoka yanashuka mpaka 180. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga pedali, badala ya kusukuma pedi unabonyeza mapovu. Pedali inakwenda sakafuni.

Soma tena mzunguko wa nane. Pedali ilikwenda sakafuni. Kilichotupeleka kwenye kokoto ni mafuta yaliyozeeka. Pedi za bei rahisi zilikuwa zimeanza kuchoka, ile harufu ilikuwa yao, lakini aliyefungisha bao hakuwa yeye.

Jamaa yangu alifanya nini? Alifanya kile kinachofanywa na kiongozi wa klabu iliyofungwa tano. Hakukaa chini kuangalia mkanda. Alikwenda sokoni kwa hasira. Akanunua pedi za mashindano, kali kuliko zote alizoonyeshwa, za bei ambayo hataki mke wake aijue. Muuzaji akamwambia zinavumilia joto ambalo diski zenyewe zinakuwa nyekundu. Jamaa akalala usingizi mzuri. Mafuta? Hakuyagusa tena.

Mimi nikarudi Dar. Wiki chache baadaye, Jumapili asubuhi ya baridi, simu ikalia. Sauti haikuwa yake.

Alikuwa ametoka nyumbani kwenda dukani. Mwendo wa kawaida wa mtaani. Kabla ya kipilefti kuna kivuko cha zebra. Mama mmoja anavuka na kigari cha mtoto. Jamaa akakanyaga breki kama anavyokanyaga siku zote, na gari likaendelea kwenda. Akakanyaga kwa mguu wote. Likapunguza, lakini halikusimama. Yule mama akarudi nyuma hatua moja na kukivuta kigari. Mini ikapita juu ya zebra nzima na kusimama upande wa pili.

"Hakunitukana," jamaa akaniambia. "Alinitazama tu. Bora angenitukana."

Pedi zilikuwa nzima, mpya, ghali, na zilikuwa zinafanya kazi yake kama zilivyotengenezwa. Tatizo ni kwamba hazikutengenezwa kwa kazi ile. Pedi ya mashindano inahitaji joto kwanza ndipo ing'ate. Nyingine mpaka zivuke nyuzi 150 au 200 ndipo zinaamka. Kwenye treki hilo siyo tatizo, unazichemsha mzunguko wa kwanza halafu unaanza kazi. Lakini kwenye mtaa wenye baridi, umetoka nyumbani dakika tatu zilizopita, pedi ni kama mawe. Umemsajili mshambuliaji hatari kweli, ila mpaka apate dakika 30 za kupasha misuli. Mechi yako ni ya dakika tano.

Na Mini inaongeza tatizo lake. Ni nyepesi. Wepesi ni sifa, lakini maana yake ni kwamba hata treki breki zake hazipati joto kama la gari la tani moja na nusu. Pedi iliyotengenezwa kwa gari zito la mashindano inaweza isifike kwenye joto lake kabisa siku nzima. Umelipa pesa nyingi upate breki mbovu. Nasema hivi nikijua kuna watakaokasirika: kwa gari dogo la zamani linaloendeshwa kutoka nyumbani, pedi kali kuliko zote ndiyo chaguo baya kuliko hata ile rahisi. Ile rahisi inakusaliti mzunguko wa nane, mbele ya kokoto na watu wenye bendera. Ile kali inakusaliti mbele ya kigari cha mtoto.

Basi unachagua vipi? Mimi siyo fundi. Lakini tangu siku ya zebra nimewauliza mafundi wa huku na wa kule, nimemsumbua jamaa mpaka akachoka, na msimamo wangu ni huu.

Swali la kwanza siyo pedi ipi ni kali. Swali la kwanza ni gari linafikaje uwanjani. Kama linafika juu ya trela, likashushwa, likakimbia, likapandishwa tena, nunua pedi za mashindano kwa amani yako. Kama unaliendesha mwenyewe kutoka nyumbani na kurudi, ukipita kwenye shule, kwenye zebra, kwenye mvua, basi pedi yako lazima ing'ate ikiwa ya baridi. Hilo halina mjadala. Ndipo uulize inavumilia joto kiasi gani.

Katikati ya pedi za kawaida na za mashindano kuna kundi la tatu, na ndilo watu hawaliimbi. Pedi za barabarani kwa mwendo wa kasi, zinazoanza kazi zikiwa baridi na kuendelea mpaka joto ambalo Mini itakufikisha. Mintex wana M1144, ambayo watu wa Mini wameizoea miaka mingi. Ferodo wana DS2500, inayotajwa sana na watu wa treki dei, wakati ndugu yake DS3000 ni ya mashindano hasa. EBC wanauza kwa rangi, kijani, nyekundu, njano, na kila rangi ina kazi yake. Ukiona njano usidhani ni kadi. Sikutumi kwa yeyote kati yao. Nakutuma usome karatasi ya joto: inaanza nyuzi ngapi, inaishia ngapi. Usisome rangi ya boksi.

Tena kuna siri ndogo ambayo hata wewe mwenye IST yako hapa Dar inakufaa. Pedi nyingi zina herufi mbili zimechapwa kwenye mgongo au ubavu: EE, FE, FF, GG. Herufi ya kwanza inakuambia pedi inang'ata kiasi gani kwenye joto la kawaida. Ya pili inakuambia inang'ata kiasi gani ikishapata moto. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35. F ni 0.35 hadi 0.45. G ni juu ya hapo, mpaka 0.55. Kwa hiyo FE ni mchezaji anayeanza vizuri na kufifia kipindi cha pili. FF ni dakika 90. Herufi hizi hazikuambii nini kitatokea kwenye moto wa treki, lakini zinakuondoa kwenye kubahatisha. Ukienda dukani Kariakoo au Gerezani, geuza pedi usome. Muuzaji atakutazama mara mbili.

La pili, mafuta kabla ya pedi. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, badilisha mafuta ya breki. Yatolewe yote ya zamani, yaingie mapya kutoka kwenye kopo ambalo halikuwa limefunguliwa. Ni kazi ya saa moja na bei yake hata nusu ya pedi nzuri haifiki. Hakuna shabiki anayekwenda airport kumpokea daktari wa timu. Lakini muulize kocha anayeingia nusu fainali na majeruhi sita.

La tatu, timu ni mbele na nyuma. Mini ina diski mbele na drumu nyuma. Ukiweka viatu vya breki vikali nyuma, siku ya mvua nyuma itabana kabla ya mbele na gari litageuka likutazame. Ukiweka pedi kali mno mbele na matairi yako ni membamba, matairi yatajifunga na utateleza ukiwa umenyooka kama sabuni. Breki haiwezi kukupa kitu ambacho tairi haina. Mwili mmoja, pumzi moja.

La nne, kama gari ni la zamani na hujui breki zake ziliwekwa lini, usipulize vumbi lake. Pedi na viatu vya zamani vilikuwa na asbesto. Uingereza walikuja kupiga marufuku mwaka 1999. Lakini spea za zamani zilizokaa stoo bado zinazunguka, na kuna watu wanajisifu kwamba wamepata za asili ndani ya boksi lake. Asili nyingine ziache kwenye boksi.

La tano, pedi mpya inafundwa. Huitoi kwenye boksi ukaenda nayo vitani. Unafunga breki kidogo kidogo, unaongeza taratibu, bila kusimama kabisa na kukaa juu ya pedali, kisha unaiacha ipoe. Pedi na diski zinazoeana. Na ukimaliza zamu yako uwanjani, zunguka mzunguko mmoja wa mwisho polepole breki zipate upepo. Ukiegesha usivute hendibreki zikiwa za moto. Weka gia, weka jiwe kwenye tairi, nenda kanywe chai yako.

Kuna wanaosema suluhisho ni seti mbili. Nenda na pedi za barabarani, ukifika badilisha weka za mashindano, jioni badilisha tena. Kwenye Mini ya diski za 8.4 kazi yenyewe ni nyepesi, ni pini mbili tu. Nimesikiliza hoja hiyo na siipendi. Kila aina ya pedi inapaka diski ngozi yake. Ukichanganya unaanza upya kila mara, na jioni umechoka, giza linaingia, unafanya kazi ya breki kwenye maegesho kwa tochi ya simu. Kocha anayebadilisha kikosi kila nusu saa hana kikosi.

Wapo pia watakaosema weka kalipa kubwa zenye pistoni nne na diski za kisasa. Sawa, kama pesa ipo. Lakini kumbuka Mini ilitoka kiwandani kwa miaka mingi na magurudumu ya inchi 10, na hata hizi za 12 hazina nafasi ya kuweka chochote unachotaka. Kabla hujaleta mastaa wapya, hakikisha uliowanunua wanacheza nafasi zao.

Mnakumbuka mwaka 2003? Real Madrid walikuwa ndiyo kwanza wametoka kuchukua ubingwa wa Hispania. Wakamleta David Beckham, na wakamwachia Claude Makelele, mtoto wa Kinshasa, aende zake Chelsea. Beckham hakuwa tatizo. Alikuwa mchezaji mkubwa. Lakini Makelele ndiye aliyekuwa anazima moto kabla haujaonekana na watu wa jukwaani. Ubingwa wa ligi uliofuata Madrid waliupata 2007. Jamaa yangu alikuwa anaijua hadithi hii neno kwa neno. Ameisimulia vijiweni mara mia. Halafu akaenda akanunua injini, kabureta na mistari meupe.

Ndiyo maana simlaumu sana. Sote tuko hivyo. Tunajua namba sita ana umuhimu gani mpaka siku tunaposhika pesa zetu wenyewe. Siku hiyo tunanunua mabao. Na tukifungwa, tunanunua mabao mengine kwa hasira. Klabu zetu zinafanya hivyo, na tunaziandika vibaya magazetini. Lakini klabu ikikosea inapoteza pointi tatu. Yule mama angeweza kupoteza mtoto.

Jamaa alizing'oa zile pedi za mashindano wiki ileile. Hakuziuza. Zipo juu ya rafu kwenye gereji yake, mbele ya macho, kama picha ya mechi uliyofungwa nyumbani. Akaweka mafuta mapya, akaweka pedi za lile kundi la katikati, akaanza kuzifunda barabarani taratibu. Na kabla hajarudi treki alikwenda kwanza kwenye ile zebra, asubuhi ya baridi, barabara tupu. Akakanyaga breki. Gari likasimama kabla ya mstari. Akarudia. Likasimama tena. Ananiambia alifanya hivyo mara nne, mpaka mzee mmoja aliyekuwa na mbwa akaanza kumtilia shaka.

Kisha akarudi Brands Hatch. Siku nzima nilikuwa na simu mkononi. Hata mechi ya siku hiyo niliitazama nusu nusu. Jioni ujumbe ukaingia. Nilitegemea hadithi ndefu, jamaa ni mtu wa maneno mengi.

Aliandika maneno matatu tu. "Leo hakuna kilichotokea."

Nikacheka peke yangu. Ukimsikia mtu anasema hivyo kuhusu beki wake wa kati, kipa wake au namba sita wake, ujue hapo pesa imetumika vizuri.